Hija ya kutembea ukingo wa ziwa, Kibirizi mpaka Ujiji: nimeenda na mama mdogo, haya ndo maoni yangu

Nimeona watu wanauliza sana kuhusu hii hija ya kutembea kandokando ya Ziwa Tanganyika, ile ya siku mbili inayoanzia Kibirizi, mnalala Katonga afu mnamalizia Ujiji, na majibu wanayopata ni "nzuri sana" au "wezi tu hao" bas, hakuna anayekaa chini akaeleza. Mi nimeenda mwezi wa tisa mwanzoni na mama mdogo wangu, hela nimelipa mwenyewe, kwa hiyo naeleza yote niliyoyaona. Jina la waandaaji siliandiki. Sina nia ya kuwaharibia, nataka warekebishe, maana kitu wanachokifanya nakipenda na naona kinaweza kuwa kikubwa.

Siku ya kwanza nawapa nyota 2. Siku ya pili nawapa 5 na zote 5 ni za mzee mmoja wa Ujiji.

Bei ilikuwa 65,000 kwa mtu. Humo ndani kuna muongozaji, chai na chakula siku zote mbili, sehemu ya kulala (ukumbi, unakuja na mkeka wako na shuka), bajaji ya kubeba mizigo, maji ya kunywa na kiingilio cha makumbusho ya Livingstone (yule mmisionari mzungu aliyekaa Ujiji zamani). Kwa bei ya Kigoma si ndogo lakini ukipiga hesabu ya vyote hivyo si ya kulalamikia, na hela yangu ningeitoa tena. Tulichoahidiwa kwenye simu ni kundi la watu 15 wasizidi. Hilo likumbukeni maana ndo chanzo cha kila kitu.

Kwanza niseme kwa nini tulienda. Mama mdogo ana miaka 61, anakaa Kasulu, ni nesi mstaafu, goti la kulia linamsumbua toka zamani. Mwaka jana baba mdogo alilazwa muda mrefu, hali ikawa mbaya mpaka tukaitana, na mama mdogo akaweka nadhiri kwamba huyu akitoka mzima mimi nitaenda hija Bagamoyo kwa miguu yangu. Baba mdogo akatoka. Sasa Bagamoyo kutoka Kasulu ni nauli, ni kulala njiani, ni kula, na hela zote zilishaishia hospitali. Ndo mtu mmoja wa jumuiya akamwambia kuna hija ya hapahapa Kigoma, mnatembea pembeni ya ziwa mpaka Ujiji, na Ujiji na Bagamoyo ni njia moja, moja ni kichwa nyingine ni mkia. Mama mdogo akasema bas, Mungu anaiona miguu, haangalii tiketi. Akanipigia simu, dada yangu akabaki na watoto, tukaenda.

Na kweli ni njia moja. Njia ya kati ya misafara ya zamani, ile ya pembe na watumwa, ilikuwa inatoka Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara pale Tabora, mpaka Ujiji, kama kilomita 1,200 za kutembea, na hivyo vituo sita ndo serikali yetu iliviombea UNESCO mwaka 2006 viingie kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia. Mi nimezaliwa Mwanga ya hapahapa Kigoma, nimepita barabara ya Ujiji kwa bajaji labda mara elfu, na hii nimekuja kuielewa kwa miguu nikiwa mtu mzima.

Haya, siku ya kwanza. Saa 12 asubuhi tupo Kibirizi mwaloni. Kwa uzuri wa kuanzia wamepatia, siwezi kusema uongo. Mitumbwi ndo inaingia, kina mama wamesimama majini mpaka magotini na mabeseni wanasubiri dagaa, wengine washaanza kumwaga kwenye chanja, na lile jua la kwanza likipiga juu ya dagaa wabichi zinang'aa mpaka unafumba macho. Nakumbuka mwaka 2024 ziwa lilivyofungwa toka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, huo mwalo ulikuwa kama msiba. Sasa kuuona unapumua tena, afu katekista anaanzisha sala ya asubuhi palepale na wale kina mama wenye mabeseni wanaitikia bila hata kuambiwa, mimi machozi yalinilenga. Mama mdogo alikuwa ameshatoa rozari yake, goti kalifunga na kipande cha kitenge, kavaa raba za mwanae wa kiume.

Afu nikahesabu watu. 34.

Nikamuuliza kijana mmoja wa waandaaji, kaka si mlisema 15, akanijibu dada watu wameitikia tungewakataaje, ni hija. Nikanyamaza maana kweli utamkataaje mtu hija. Lakini watu 34 walikuwa na muongozaji mmoja wa historia, yule mzee, aliyewekwa mbele kabisa, na kijana mmoja mwenye spika ya mkononi naye yupo mbele. Nyuma hakuna mtu. Naomba mwenye kundi lolote la kutembeza watu asome hapo mara mbili. Nyuma hakuna mtu.

Kutoka Kibirizi mpaka mjini tulikwenda vizuri, tukapita stesheni pale mwisho wa reli, lile jengo la Mjerumani, reli ilifika hapa 1914, tukapita usawa wa bandari, na kwa mbali nikawa naona mzee ananyoosha fimbo kuonyesha upande wa meli, bila shaka alikuwa anaeleza habari ya Liemba jinsi ilivyoletwa vipandevipande ikaungwa hapahapa Kigoma ikaingia majini 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe, ikaibuliwa 1924 na ikafanya kazi miaka mingi. Mi hiyo naijua toka utoto. Lakini kulikuwa na binti wa Tabora nyuma yetu, kaja treni nzima kwa ajili ya kusikia, hakusikia hata neno. Alikuwa ananiuliza mimi. Nikawa namweleza ninavyojua, na mtoto wa mama mwingine naye akasogea, tukawa kakundi ketu ka nyuma, watu saba, mama mdogo, mimi, binti wa Tabora, mama mmoja na mwanae wa darasa la tano, na wazee wawili mtu na mkewe kutoka Buhigwe.

Baada ya Bangwe njia inapanda mlima kuelekea Katonga na jua likawa limeshakolea, saa 5 kwenda saa 6. Mwezi wa tisa Kigoma wote mnaujua, mvua bado, nyasi zimekauka, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Maji yakaisha. Chupa tulizopewa asubuhi zilikuwa nusu lita mojamoja, na bajaji ya mizigo ambayo ilitakiwa kutusubiri Bangwe na maji ilishatangulia Katonga na wa mbele. Tulipofika kwenye njia panda wa mbele hawaonekani, hawasikiki, simu ya kijana wa spika haipokelewi. Tukachukua njia ya chini kwa sababu mzee wa Buhigwe aliwahi kupita huko zamani akasema ndo inakwenda ufukweni.

Inakwenda kweli ufukweni, ila ufukwe wenyewe haupo tena. Mnakumbuka maji yalivyopanda toka 2020 huko na kuendelea, nyumba za watu zikaingia ziwani. Tulitokea mahali njia inaingia majini moja kwa moja, mbele yetu kuna msingi wa nyumba upo ndani ya maji, kuta hazipo, zimebaki ngazi mbili za mlangoni na mawimbi yanapanda zile ngazi na kushuka. Mama mdogo alizitazama muda mrefu. Akasema hapa kuna mwanamke alikuwa anafagia kila asubuhi. Tukasali salamu Maria moja kwa ajili ya hiyo nyumba, tukarudi tulikotoka, mlima tena, goti likaanza kuvimba.

Aliyetuokoa ni mama mmoja juu huko, nyumba ya tofali za kuchoma, michikichi mitatu mbele. Mama mdogo kapiga hodi kwa Kiha, mwakeye mama, yule mama katoka kaangalia sura zetu hakuuliza swali, kaingia ndani katoka na jagi na kikombe kimoja cha plastiki cha kijani, akamnywesha mtoto kwanza, wazee, sisi mwisho. Akamwambia kijana wake atupeleke mpaka Katonga. Hela alikataa. Kwenye siku nzima ya kwanza hiyo ndo ilikuwa hija, na haikuwepo kwenye ratiba.

Katonga tumefika saa 9 alasiri. Wenzetu walishakula, walishalala, wengine wanaogelea. Sombe (kisamvu) imeisha, samaki wamebaki vichwa, ugali umepoa mpaka umekauka juu. Nilikasirika, na sioni aibu kusema. Nikamwendea kiongozi wao nikamwambia mbele za watu kwamba mmeacha wazee na mtoto mlimani bila maji. Akajibu kwa upole tu, labda alidhani anatuliza, akasema dada hija ni sadaka, tuvumiliane. Hapo mama mdogo ambaye alikuwa amekaa chini ananyoosha mguu akamwambia, "Mwanangu, sadaka naitoa mwenyewe. Hainyang'anywi."

Hakuna aliyeongeza neno. Yule kijana aliinama, akaenda mwenyewe jikoni akasonga ugali mwingine, na samaki akanunua kwa hela yake, mgebuka wawili wakubwa. Nalisema hili kwa sababu ni haki yake. Kosa lilikuwa kubwa lakini hakulikimbia.

Jioni ndo hija yetu ilipogeuka. Tumekaa nje ya ukumbi, giza limeingia, taa za wavuvi zimeshaanza kuwaka ziwani, unajua zile zinavyojipanga mpaka unadhani kuna mji upande wa huko. Yule mzee akaja na kigoda chake akakaa na sisi wa nyuma. Ni Mwislamu, mtu wa Ujiji kwa kuzaliwa, Mmanyema, kofia nyeupe, sauti ya chini sana, na hapo nikaelewa kwa nini hata wa mbele wengi hawakumsikia. Akasema shikamooni nyie mliotembea mara mbili. Mkubwa kwetu wote anatusalimia shikamoo, mama mdogo akaruka akasema hapana mzee wangu usitufanyie hivyo. Akasema nimesikia mliachwa, na mimi ndiye niliyekuwa kirangozi, kwa hiyo mliachwa na mimi.

Afu akaanza kueleza msafara ulikuwa unakwendaje. Mbele alikuwa kirangozi, ameshika bendera, hakuna anayeruhusiwa kumpita. Nyuma yake wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa kama frasila mbili, yani kilo 32 hivi, kitambaa, shanga, waya za shaba wakienda bara, pembe wakirudi pwani. Posho inagawiwa kwa vipimo, na hilo neno posho tunalolitumia leo wapagazi walikuwa nalo. Na nyuma kabisa wanakuwepo wakubwa, wanyampara na mwenye mali, kwa sababu mzigo unapotea nyuma, mtu anaanguka nyuma, mtu anatoroka nyuma. Akasema wao waliweka wakubwa nyuma kwa ajili ya kulinda mali, sisi tumebeba watu tunashindwaje kuweka hata mmoja? Kesho mimi natembea na nyie.

Siku ya pili tumeamka saa 10 usiku. Mzee kaswali pembeni ya maji, sisi tumesali ya kwetu hatua kama ishirini kutoka kwake, na ule upepo wa kusini ulikuwa unachanganya sauti mpaka ikafika mahali sikuwa najua neno gani linatoka upande gani. Saa 11 tumeondoka. Kiongozi kijana safari hii mwenyewe alitangulia polepole na akatoa amri kwamba hakuna kumpita mama wa Kasulu, yani mwendo wa msafara mzima ukawa ni mwendo wa goti la mama mdogo. Watu 34 tulikwenda kama watu wa nyumba moja. Na maji safari hii bajaji ilisimama mara tatu.

Mahali fulani kabla ya kufika Ujiji kuna mchanga mpana, mzee akatusimamisha, akachora ziwa kwa fimbo. Sijawahi kufundishwa hivyo. Akachora mstari mrefu, akasema hili ni ziwa, kilomita zaidi ya 600 kwa urefu, kina mita 1,470, duniani linalolipita kina ni Baikal peke yake. Akachora mto juu, Rusizi. Akasema wazungu waligombana miaka kwa sababu ya huu mto, unaingia au unatoka? Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 hawakuumaliza huo ubishi, mpaka Livingstone na Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, wakapanda mtumbwi Novemba 1871 kwenda kuangalia wakakuta unaingia. Sasa maji yanatokea wapi? Akachora ubavuni, upande wa Kongo, mto Lukuga. Mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na matete, ziwa likajaa na kujaa, ilipofika miaka ya 1870 mwishoni maji yakavunja, ziwa likashuka mita nyingi tu kwenye miaka michache. Akafuta mstari wa ufukwe kwa kiganja akachora mwingine chini yake. Ndo maana, akasema, mkifika pale kwenye miembe ya makumbusho mtashangaa mbona ziwa lipo mbali wakati wanasema Livingstone alikaa karibu na maji. Ziwa lilihama.

Mtoto wa darasa la tano akauliza, kwa hiyo zile ngazi za jana ziwa linarudi? Mzee akamwangalia akasema ziwa lina njia zake, sisi ndo tunajenga bila kuliuliza.

Afu akasema ya kwao, na hii aliisema akiwa anatembea, bila kusimama, wale tuliokuwa karibu tu ndo tulisikia. Kwamba bibi wa babu yake alitoka Manyema, ng'ambo huko, na hakuja kwa hiari. Akasema Livingstone aliona mauaji ya sokoni Nyangwe, hukohuko Manyema, Julai 1871, watu wamepigwa risasi soko limejaa, wengi wao wanawake, akarudi Ujiji amevunjika moyo, na ndo siku chache baadaye Stanley akamkuta. Watu wanaijua ile salamu ya Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?", hawaulizi mtu aliyesalimiwa alikuwa anatoka kuona nini. "Bibi yetu anatoka hukohuko," akasema. Mama mdogo alikuwa amemshika mkono kwa ajili ya goti. Hakuuachia mpaka Ujiji.

Mi nilikuwa nadhani nakuja kumsindikiza mtu kutimiza nadhiri. Hapo kwenye huo mchanga nilijikuta nasali kwa ajili ya watu ambao majina yao hayapo popote, waliopita hapa wamefungwa, na wengine wakabaki, wakaoa, wakajenga misikiti, wakazaa huu mji ninamonywea kahawa.

Ujiji tumeingia saa 4 asubuhi. Watoto wa madrasa wametoka wanatukimbilia, wazee kwenye baraza wanaitikia salamu, hakuna aliyetushangaa kwamba Wakristo 33 na Mwislamu mmoja wanaingia na rozari na wimbo. Makumbusho yapo vizuri, padogo, pametunzwa. Mwembe wenyewe wa 1871, ule wanaosema Stanley alimkuta Livingstone chini yake, ulishakufa, iliyopo ni miembe miwili iliyotokana nao, na chini yake kuna mnara wa mawe. Ndani kuna masanamu ya Livingstone na Stanley wanavuliana kofia. Tarehe iliyoandikwa ni 10 Novemba 1871, ambayo ni ya Stanley, ingawa shajara ya Livingstone inaonyesha ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, maana mtu aliyeumwa porini miaka hesabu za siku zinampotea. Mzee alisimama mbele ya yale masanamu akataja wengine wa kuwakumbuka: Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwemo kwenye msafara wa Burton na Speke na akaja tena na Stanley. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, ambao alipofariki Mei 1873 waliuzika moyo wake kule Chitambo, Zambia ya leo, na mwili wakaubeba wao na wenzao kwa miguu, wakapita Tabora, mpaka Bagamoyo Februari 1874. Mama mdogo akauliza waliubeba mabegani? Mabegani. Akakaa kimya afu akasema hao ndo mahujaji.

Misa ilikuwa mchana. Padri alisema kwa ufupi kuhusu wamisionari wa kwanza wa shirika la Mapadri Weupe waliofika Ujiji Januari 1879, na wale wamisionari watatu waliouawa Rumonge, juu huku upande wa Burundi, Mei 1881. Mahubiri yalikuwa mafupi na mazuri, ila wengi tulikuwa tumechoka na nisingependa kuwadanganya kwamba nakumbuka yote. Ninachokumbuka ni mama mdogo kavua raba za mwanae mlangoni, kaingia peku mpaka mbele, kapiga magoti kwa goti lile lile, na kunyanyuka hakutaka kushikwa.

Chakula cha mwisho kilikuwa cha kutosha na cha moto. Ugali wa muhogo, sombe ya mawese mazito, mgebuka wa kukaanga na pilipili pembeni. Dada waliopika nawapongeza, ile sombe ilitwangwa, haikusagwa kwa mashine, ulimi unajua.

Sasa kwa anayetaka kwenda. Uliza kabla ya kulipa: kundi ni la watu wangapi, na nyuma anatembea nani, amtaje. Wakisita usilipe. Beba maji yako lita 2 hata kama wameahidi, kofia, na viatu ulivyovizoea, usinunue vipya kwa ajili ya safari, mi kisigino cha kushoto kilitoka lengelenge kubwa na hadi leo navaa ndala. Kwa simu yangu njia yote ilikuja kama kilomita 20, siku ya kwanza ndo ndefu. Mwenye mzazi mzee asiogope, ila siku ya kwanza aanzie stesheni, Kibirizi aende kuangalia mwalo tu afu apande bajaji mpaka hapo. Na usiku Katonga upepo unapenya, shuka moja haitoshi.

Kwa waandaaji: spika nunueni nyingine mumpe mzee, ile ya kijana iliisha chaji kabla ya saa 3. Ile njia ya chini wekeni hata kipande cha ubao mwandike imekatika. Mkiwa 34 tafuteni waongozaji watatu, na mzee mlipeni vizuri maana bila yeye mnauza jua na vumbi. Walinipigia wiki iliyopita kuomba radhi, wakasema ya mwezi wa kumi na moja itakuwa watu 15 kweli, na mtu wa nyuma yupo. Nikawauliza ni nani. Wakasema mzee mwenyewe kakataa kurudi mbele.

Mama mdogo nimemwambia kwa simu. Goti bado analikanda na maji ya moto. Akauliza ni tarehe ngapi.